Nani Alinyoosha Mkono? Mhadhara Kuhusu Watu wa Kwanza Peponi

Mada niliyopewa inaweza kumeza mwezi mzima: watu wa kwanza peponi, katika dini na katika sanaa. Nimeikata. Sitauliza bustani ilikuwa wapi, wala sitagusa mabishano ya mifupa ya Oldupai, ambayo yana wenyewe. Jioni hii tutatazama mikono tu. Nani ananyoosha mkono, anachukua nini, na nani anamnyooshea mwenzake kidole. Ukiifuata mikono hiyo utaona kila zama zilimtwika nani lawama, na mara nyingi mzigo huo haumo katika andiko lenyewe.

Neno moja kabla sijawasha projekta. Picha nitakazoonyesha ni za Kikristo. Ya Kiislamu ninayo moja, lakini nitaieleza kwa maneno, kwa heshima ya waliomo humu ambao hawaoni vyema kumtazama Nabii akiwa amechorwa. Atakayetaka kuiona anifuate baadaye.

Tuanze na Mwanzo, sura ya 2 na ya 3. Ni sura fupi mno kwa uzito uliokuja kuwekwa juu yake. Tunda halina jina. Marabi wa Talmud walibishana kama lilikuwa zabibu, tini au ngano. Tufaa wanalolichora Wazungu ni lao wenyewe. Nyoka naye ni nyoka, mnyama mwerevu kupita wenzake. Kumwita Shetani kulikuja baadaye sana, na Wakristo wengi wanalijua hilo kutoka Ufunuo sura ya 12, si kutoka Mwanzo. Mwanamke anachuma, anakula, anampa mumewe, naye anakula. Andiko la Kiebrania linasema mume alikuwa pamoja naye. Halisemi alikuwa amelala, halisemi alikuwa upande wa pili wa bustani akichunga wanyama, halisemi alibembelezwa hata akalegea. Alipewa, akala. Mungu alipouliza, Adamu alijibu kwa namna ambayo mzee yeyote aliyewahi kusuluhisha ndoa ataitambua: ni huyu mwanamke uliyenipa wewe. Lawama mbili kwa pumzi moja, ya kwanza kwa mke na ya pili kwa Aliyemleta mke.

Wachoraji wa kwanza wa Kikristo hawakuwa na haja ya kumtafuta mkosaji. Katika chumba cha ubatizo cha Dura-Europos, mji wa mpakani huko Syria, palichorwa Adamu na Hawa wadogo kabisa mnamo miaka ya 240, chini ya Mchungaji Mwema. Mchoro huo sasa uko Chuo Kikuu cha Yale, Marekani. Wamesimama huku na huku, mti katikati. Zaidi ya miaka 100 baadaye, mwaka 359, alizikwa Roma afisa mkubwa aitwaye Junius Bassus, na jeneza lake la marumaru lina wawili hao hao. Pembeni ya Adamu pana mganda wa ngano, pembeni ya Hawa pana kondoo: huyu atalima, huyu atasokota sufu. Wamepeana visogo. Aibu ni ya wote wawili na kazi ni ya wote wawili. Mchongaji amegawa sawa kabisa.

Kalamu, hata hivyo, zilikuwa zimeshatangulia patasi. Barua kwa Warumi inasema dhambi iliingia kwa mtu mmoja, na mtu huyo ni Adamu. Barua ya kwanza kwa Timotheo inasema Adamu hakudanganywa, aliyedanganywa ni mwanamke. Barua mbili katika kitabu kimoja, kila moja na mshtakiwa wake. Tertullian wa Karthago, Mwafrika mwenzetu wa karne ya 2 na ya 3, aliichukua ile ya pili na kuwaandikia wanawake wa kanisa lake kwamba kila mmoja wao ni Hawa, basi wavae kama watu walio kwenye toba. Maandishi hayo yalisomwa na wachache. Lakini wachache hao ndio waliokuwa wakiwaagiza mafundi.

Sasa tazameni hii. Ni mlango wa shaba wa kanisa kuu la Hildesheim, Ujerumani, ulioagizwa na Askofu Bernward na kukamilika mwaka 1015. Una urefu wa karibu mita 5, na kila ubao umemiminwa mara moja kama kitu kizima, kazi ambayo hata leo fundi angeifikiria mara mbili. Mbao zote mbili kwa pamoja zina vipande 16 vya hadithi. Naomba tusimame kwenye hiki kimoja.

Kushoto yuko Mungu, ameinama mbele, mkono umenyooka, kidole kinamlenga Adamu. Adamu amejikunyata. Kwa mkono mmoja ameshika jani mahali pake, na kwa mwingine, ambao ameupitisha mbele ya kifua kama mtu anayejificha nyuma ya mkono wake mwenyewe, anamwonyesha Hawa. Hawa naye ameinama zaidi, jani mkononi, na mkono wake wa pili unaelekea chini. Chini kabisa, pembeni, yuko nyoka mwenye umbo la joka, kichwa juu, mdomo wazi kana kwamba naye ana la kujitetea. Hana mkono wa kumwonyeshea mwingine. Lawama imeshuka kutoka kwa mkubwa hadi kwa mdogo kama kesi ya mtungi uliovunjika nyumbani: baba kamuuliza kaka, kaka kamtaja dada, dada kamtaja paka.

Nakipenda kipande hiki kuliko vyote nitakavyoonyesha. Fundi hakumchagua mkosaji. Alichoonyesha ni kitendo chenyewe cha kusukumiana, na kila mwili unavyozidi kupinda ndivyo unavyozidi kukubali kosa ambalo mkono unalikana. Wanaodhani sanaa ya Ulaya ya karne hizo ilikuwa ya kitoto waje waiangalie migongo hii mitatu.

Miaka 150 hivi baadaye mambo yalibadilika. Mwanachuoni wa Paris, Petrus Comestor, aliandika katika karne ya 12 kwamba nyoka aliyemwendea Hawa alikuwa na uso wa msichana, kwa kuwa wanaofanana huvutana. Neno hilo halimo katika Biblia. Lakini kitabu chake kilikuwa cha kufundishia, na wachoraji wakalishika. Tangu hapo, kwa karne nyingi, utamwona nyoka mwenye kichwa cha mwanamke, na pengine nywele zake ni za rangi ile ile ya Hawa. Basi mwanamume akawa amezungukwa. Mmoja mtini, mmoja ubavuni.

Hata Michelangelo alimchora nyoka hivyo. Dari la kanisa la Sistine, Vatikani, alilichora kati ya 1508 na 1512, na watu wote wanazijua zile ncha za vidole viwili zinazokaribiana, zimeshachapwa mpaka kwenye vikombe vya chai. Nendeni fremu mbili mbele. Mtini umesimama katikati ya picha, na nyoka mwenye kiwiliwili cha mwanamke amejizungusha shinani. Hawa ameketi chini, amegeuza shingo, amenyoosha mkono nyuma yake kupokea anachopewa. Sasa mwangalieni Adamu. Hangoji kupewa. Amesimama, ameinamia mti, ameshika tawi na mkono wake umeshaingia kwenye majani. Anachuma mwenyewe! Mchoraji aliyefanya kazi ndani ya nyumba ya Papa, kwa fedha za Papa, ameandika kwa brashi kwamba hakuna aliyemlisha mwenzake. Watu hupita chini yake wakitazama vile vidole viwili maarufu, na mkono huu hawauoni.

Kwa Masaccio nitapita haraka, ingawa hastahili haraka. Yuko Firenze, kanisa la Santa Maria del Carmine, alichora mnamo 1425 akiwa kijana wa miaka 20 na ushee. Wawili wanatoka langoni. Hawa anajisitiri kwa mikono na kinywa kiko wazi, analia kwa sauti. Adamu hajisitiri chochote. Mikono yote miwili iko usoni. Karibu mwaka 1680 wakubwa wa mji waliona haya, wakaamuru wapakwe majani kiunoni, na majani hayo yakakaa miaka 300 mpaka ukarabati wa miaka ya 1980 ulipoyaondoa. Aliyeyapaka hakuelewa. Adamu yule hana habari na kiuno chake. Anachoficha ni uso.

Na kwa kuwa tumefika kwenye haya, siwezi kuuacha mji wa Ghent, Ubelgiji. Mwaka 1432 Jan van Eyck alimaliza picha ya altareni ambamo Adamu na Hawa wamesimama pembeni kwa kimo cha watu halisi. Mikono ya Adamu, kuanzia vifundoni, ni myekundu kuliko mwili wake, kama ya mtu anayeshinda juani na nguo mwilini. Mchoraji alimvua nguo mtu wa kazi aliyemjua, akamchora alivyo. Mwaka 1781 Mfalme Joseph II alipita, akachukizwa na uchi ule, na mbao hizo zikafichwa. Karne iliyofuata zikawekwa nakala ambazo Adamu na Hawa wamevishwa ngozi. Mtu huona uchi. Mimi huona viganja vya mkulima, na vinanisadikisha kuliko mahubiri mengi.

Tugeukie Kurani. Kisa kimo mahali kadhaa, hasa Al-Baqara, Al-A'raf na Ta-Ha, na mwanamke hakutajwa jina humo. Jina la Hawa tumelipata katika hadithi na tafsiri. Lakini kinachonihusu ni mkono. Katika Al-A'raf, Shetani anawanong'oneza wote wawili, wote wawili wanaonja, wote wawili wanasimama na kukiri kwamba wamejidhulumu nafsi zao. Katika Ta-Ha, anayenong'onezwa anatajwa peke yake, naye ni Adamu. Hakuna mahali ambapo mke anamlisha mume. Hakuna kidole. Na toba inapokelewa, jambo likaisha. Halirithiwi na watoto.

Basi swali kwa mashekhe na wasimulizi wetu: zile hadithi tulizozisikia utotoni, za Bibi Hawa aliyembembeleza mumewe mpaka akala, za uchungu wa uzazi na damu ya kila mwezi kuwa malipo yake, zilitoka wapi? Zilitoka kwa wapokezi wa visa vya watu wa Kitabu. Tabari, aliyefariki Baghdad mwaka 923, amezikusanya katika tafsiri na tarikhi yake pamoja na majina ya waliozisimulia, maana kazi yake ilikuwa kukusanya. Hakusema zote ni sahihi. Sisi ndio tuliosahau majina ya wasimulizi tukabaki na simulizi. Humo humo yumo nyoka wa Wahb ibn Munabbih, mnyama mwenye miguu minne, mzuri kama ngamia, aliyemvusha Iblis mlangoni akiwa amemficha kinywani. Cha kushangaza, katika miaka ya 1470 Mfulemi Hugo van der Goes naye alimchora nyoka wa Edeni akiwa na miguu, amesimama wima mtini kama kenge. Sidhani alimsoma Wahb. Wote wawili walijiuliza swali la mtoto mdogo: kama adhabu ya nyoka ni kutambaa, kabla ya adhabu alitembeaje?

Picha niliyosema nitaieleza kwa mdomo inatoka Iran ya miaka ya 1550, katika kitabu kikubwa cha kutazamia fali kilichotengenezwa zama za Shah Tahmasp. Ukurasa huo sasa uko Washington. Adamu na Hawa wanatoka peponi, nuru inawaka vichwani mwao, hata mmoja hakupokonywa heshima hiyo. Na hawatembei. Mmoja amepanda nyoka, mwingine amepanda tausi, wale wanyama wawili ambao visa vinasema walimsaidia Iblis kuingia. Wafukuzwa wanasindikizwa na wahalifu wenzao. Malaika wanawatazama wakipita kwa mshangao zaidi kuliko kwa ghadhabu. Ukitoka kwenye kilio cha Masaccio ukafika hapa, unahisi umebadilisha habari yenyewe, kumbe ni ile ile.

Baada ya hapo, visa vinawatenganisha. Adamu anashukia Sarandib, Hawa Jeddah, na wanaonana tena Arafa. Sarandib ndiyo Sri Lanka, na mlima wenyewe upo, una mita 2,243, na juu yake pana alama ya wayo mkubwa. Waislamu wakasema ni wa Adamu, Wabudha wa Buddha, Wahindu wa Shiva, na wote hupanda njia moja. Ibn Battuta, ambaye mwaka 1331 alifika Mombasa na Kilwa, aliupanda mlima huo mwaka 1344 na kueleza minyororo ya chuma ambayo wapandaji hujishikilia. Jeddah nako palikuwa na kaburi la Mama Hawa, refu kupita kimo chochote cha binadamu, na mahujaji wa pwani yetu walioshukia bandari ile walikuwa wakilizuru. Lilibomolewa mwaka 1928. Alama ya baba bado inapandwa. Ya mama ni makaburi tu yenye jina lake.

Nilisema nitafuata mikono, na upo mmoja ambao hauchumi wala hauonyeshi kidole. Kanisa la Mashariki limechora tangu zamani Kristo akishuka kuzimu kumtoa Adamu. Katika michoro mingi ya mwanzo, kama ile ya monasteri ya Hosios Loukas huko Ugiriki, anamvuta Adamu kwa kifundo cha mkono, na Hawa amesimama nyuma, mikono imefunikwa na nguo, anangoja zamu. Katika kanisa la Chora, Istanbul, lililochorwa kati ya 1315 na 1321, Kristo amesimama katikati, miguu imepanuka, mkono wa kulia umemshika Adamu na wa kushoto umemshika Hawa, na anawang'oa wote wawili makaburini kwa nguvu hata miili yao inaruka. Zamu imefutwa. Sijui picha nyingine ya Hawa inayomfanyia haki kiasi hiki.

Nisingependa mtoke humu mkidhani jambo hili ni la Waebrania na waliowafuata. Waganda wana Kintu na Nambi. Kintu aliishi duniani peke yake na ng'ombe wake, Nambi akashuka kutoka kwa babake, Ggulu, akampenda. Baada ya majaribu mengi Ggulu akawaruhusu waende, kwa sharti: waondoke mapema, wasirudi nyuma kwa lolote, wasije wakafuatwa na Walumbe, kakake Nambi, ambaye ndiye kifo. Njiani ikakumbukwa kwamba ulezi wa kuku umesahaulika. Mmoja akarudi. Walumbe akamwona, akafuatana naye, na watoto wakaanza kufa. Ndugu mwingine, Kayikuuzi, alishushwa kumkamata, naye Walumbe akajichimbia ardhini. Mashimo ya Tanda, upande wa Mityana, yanaonyeshwa mpaka leo kuwa ndiyo aliyopitia.

Nani alirudi? Ukimuuliza mtoto wa shule Kampala leo atakwambia Nambi. Lakini katika kitabu cha mmisionari John Roscoe kuhusu Baganda, kilichochapwa 1911, anayekumbuka ulezi na kurudi ni Kintu, na Nambi ndiye anayejaribu kumzuia, naye hasikii. Zote ni simulizi za Waganda, si za Roscoe. Kumbe toleo la mume msahaulifu lilikuwepo, likasemwa mbele ya mtu mwenye kalamu, kisha likapoteza wasemaji. Ningependa mwanafunzi mmoja wa humu aliandikie tasnifu.

Namalizia na Wamakonde. Simulizi yao ilichapwa na Mjerumani Karl Weule, aliyepita Newala na Mahuta mwaka 1906. Mtu wa kwanza alitoka porini huko Mahuta, hajaoga, hajanyoa, mnywaji wa maji kidogo. Akatoka akachonga umbo la mtu kwa mti, akalipeleka kwake, akalisimamisha. Usiku umbo likapata uhai, likawa mwanamke. Wakashuka pamoja Ruvuma kuoga, na huko mwanamke akajifungua mtoto mfu. Wakahamia bonde la Mbemkuru. Mtoto wa pili naye mfu. Wakarudi juu uwandani, wa tatu akaishi. Ndipo mzee akausia wanawe wawazike wafu wao wakiwa wamesimama, kwa kumbukumbu ya mama yao aliyeamka wima, na wasijenge mabondeni penye mito, maana maradhi yako huko. Nyumba zikae mwendo wa saa nzima kutoka kwenye maji.

Watu wenye patasi wana mtu wa kwanza ambaye naye alikuwa mchongaji, na hapo sina cha kuongeza. Tazameni mikono tu: inachonga, inasimamisha, inazika. Watoto wawili wamekufa na hakuna aliyeulizwa amefanya nini. Hakuna tunda, hakuna nyoka, kuna bonde lenye mbu na watu waliojifunza kulihama. Nilipoisoma mara ya kwanza nilifurahi kwamba hatimaye nimepata asili isiyo na mshtakiwa. Kisha nikausoma tena ule wosia wa mwisho. Mwendo wa saa nzima kutoka kwenye maji, kwenda tu, na mtungi kichwani wakati wa kurudi, kila siku ya Mungu. Na kuteka maji haijawahi kuwa kazi ya wanaume uwandani kule. Ningependa maswali yaanzie hapo, na kina mama wapewe kipaza sauti kwanza.